Nipe Mji, Nikwambie Muuaji

Mwaka 1905 mwandishi wa habari wa London aitwaye Edgar Wallace alichapisha kwa fedha zake riwaya ya The Four Just Men, na kwa makusudi akainyima kile ambacho kila msomaji alikuwa anakisubiri. Waziri wa serikali ametishiwa kuuawa. Siku na saa vimetangazwa. Amejifungia ndani ya chumba chake, polisi wamezingira jengo, saa inafika, anakufa. Kafaje? Wallace hakusema. Badala yake aliahidi zawadi za jumla ya pauni 500 kwa watakaofumbua.

Alisahau jambo moja: hakuandika popote kwamba washindi wangekuwa wangapi. Majibu sahihi yakamiminika, kila aliyepata akadai chake, na kitabu kilichouzika vizuri kikamwacha mwenyewe na madeni. Ilibidi mwenye gazeti la Daily Mail, alikokuwa ameajiriwa, amkopeshe hela za kuzima aibu.

Watu hukisimulia kisa hiki kumcheka mtu aliyeshindwa hesabu. Mimi kilichonikaa kichwani ni wale wasomaji. Ni watu waliokwenda kazini, wakarudi jioni, wakakaa mezani na kalamu kushindana na mwandishi, na wengi wao wakamshinda. Wallace alikosea upande wa fedha, lakini kuhusu msomaji hakukosea hata kidogo. Anayefungua hadithi ya upelelezi ya Kiingereza ya zama zile hakai mkao wa kusimuliwa. Anakaa mkao wa kubisha.

Zaidi ya miaka mia imepita na mkao ule bado upo. Maktaba ya Uingereza ilianza mwaka 2012 kuchapa upya riwaya za upelelezi zilizosahaulika, za waandishi ambao hata Waingereza wenyewe hawakuwa wakiwakumbuka. Mmoja wao ni J. Jefferson Farjeon. Riwaya yake Mystery in White, kuhusu abiria wa treni iliyokwama kwenye theluji mkesha wa Krismasi, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1937. Ilipochapwa tena mwaka 2014, marehemu huyo alijikuta akiuza kuliko waandishi wengi walio hai. Mwaka 2020 Richard Osman, mtangazaji wa televisheni, akatoa The Thursday Murder Club, wazee wanne wa makazi ya wastaafu wanaochunguza mauaji kwa mtindo uleule wa kizamani, na ikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi Uingereza mwaka ule. Agatha Christie hata tusimhesabie. Nakala za vitabu vyake hukadiriwa kufika bilioni mbili.

Kwa nini? Jibu la kawaida la wahakiki ni faraja. Wanasema Waingereza walitoka kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia wamechoka na damu, wakataka kifo kisichouma: maiti moja safi kwenye zulia la maktaba, chai mezani, bustani dirishani, na mwisho muuaji anakamatwa na kijiji kinarudi kama kilivyokuwa. Msomaji wa leo, wanaendelea, naye amechoka na habari za dunia, kwa hiyo anakimbilia kijiji kilekile.

Jibu hili halinitoshi. Kwanza, mimi sijawahi kuishi kwenye kijiji chenye nyumba ya kasisi na klabu ya kriketi, na siwezi kuwa na hamu ya kurudi mahali ambapo sijafika. Wasomaji wa vitabu hivi walioko Dar es Salaam, Nairobi, Mumbai na Seoul ni wengi, na hakuna hata mmoja anayelilia bustani ya bibi yake wa Devon, huko Uingereza. Pili, vitabu vyenyewe havifariji kama inavyodaiwa. Katika And Then There Were None ya Christie, ya mwaka 1939, watu kumi wanaalikwa kisiwani na hakuna anayetoka. Katika Busman's Honeymoon ya Dorothy L. Sayers, ya mwaka 1937, mpelelezi Lord Peter Wimsey amemkamata muuaji wake kama inavyotakiwa, kisha kitabu kinamfuata mpaka usiku wa kuamkia kunyongwa kwa mtu yule. Hapati usingizi, anatembea, anatetemeka, na saa ya kitanzi inapofika analia mikononi mwa mkewe. Faraja gani hiyo? Kamba ilikuwepo kweli. Uingereza ilinyonga hadi mwaka 1964, na kila hadithi ya zama zile ilijua safari ya mtuhumiwa inaishia wapi hata kama haikusema.

Mimi naona mvuto uko kwenye kitu ambacho mtoto wa pwani anakijua kabla hajajua kusoma.

Kitendawili!

Tega!

Nyumba yangu haina mlango.

Mnafikiri. Mmoja anasema kaburi, mwingine anasema boga, mnabishana, mnashindwa. Mtegaji anadai mji. Mnampa Mombasa, anaikataa kwa maringo. Mnampa Tanga, anapokea, anajisifu kidogo kwamba alikwenda Tanga akala akashiba, kisha anawapa jibu: yai. Mnaguna kwa hasira tamu, kwa sababu yai mnalijua. Mmelila asubuhi.

Angalia masharti yaliyomo kwenye mchezo huo wa dakika mbili. Jibu limo ndani ya swali, halikufichwa kabatini. Anayetegwa anajua yote anayohitaji kujua. Akishindwa anakubali kushindwa, na kukubali kwake kuna gharama, anatoa mji. Naye mtegaji, akishapewa mji, hana ruhusa ya kuondoka bila kutoa jibu. Na jibu lazima liwe lile ambalo wote wakilisikia watasema: kweli. Waingereza wana tawi zima la hadithi zao za upelelezi linalohusu chumba kilichofungwa kwa ndani, maiti iko ndani na muuaji hayuko. Sisi tulikuwa na yai.

Waandishi wa Uingereza waliyaandika masharti haya rasmi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia akiandika riwaya za mauaji, alitoa amri kumi za kazi hiyo. Mhalifu atajwe mapema. Mizimu na miujiza marufuku. Njia ya siri isizidi moja. Sumu ambayo haijagunduliwa isitumike. Pacha wasizuke mwishoni bila msomaji kuandaliwa. Mpelelezi asiokote dalili yoyote bila kumwonyesha msomaji hapohapo. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha waandishi, Detection Club, Knox, Sayers na Christie wakiwa miongoni mwa wanachama. Kiapo chao, ambacho mwanachama mpya alikula akiwa ameweka mkono juu ya fuvu la kichwa waliloliita Eric, kilimtaka aahidi kutomficha msomaji dalili yoyote ya msingi. Walikuwa wakicheka, bila shaka. Lakini mtu hachekeshi hivyo kwa jambo asilolijali.

Tuone mchezo wenyewe unavyochezwa. Desemba 1892 jarida la Strand lilichapa hadithi fupi ya Arthur Conan Doyle, Silver Blaze. Farasi maarufu wa mashindano ameibiwa usiku kutoka zizi lake huko Dartmoor, na mkufunzi wake amekutwa nje kwenye nyika akiwa amekufa. Kijana aliyekuwa zamu usiku ule ameleweshwa kwa afyuni iliyowekwa kwenye chakula chake. Jioni hiyohiyo mgeni kutoka London, mcheza kamari, alionekana dirishani akizungumza naye wakati chakula kinaletwa. Polisi wamemkamata mgeni. Nani asingemkamata?

Chakula kilikuwa nini? Conan Doyle anakitaja mapema, waziwazi, katika sentensi ambayo jicho linaipita: nyama ya kondoo ya mchuzi wa bizari. Msomaji wa Kiingereza wa mwaka 1892 huenda aliona ni chakula tu. Mpishi yeyote wa Unguja angesita hapo. Unga wa afyuni una ladha, na mpelelezi wa hadithi, Sherlock Holmes, anasema hivyo: ungewekwa kwenye chakula cha kawaida, kijana angeonja mara moja akatema. Bizari ndiyo inayoweza kuifunika ladha ile. Sasa jiulize, mgeni wa London aliyefika jioni ile angejuaje kwamba nyumba ile imepika mchuzi wa bizari, tena usiku huohuo alioamua kuja na afyuni mfukoni? Hawezi. Kwa hiyo tunamwacha mgeni, tunauliza swali la jikoni kabisa: katika nyumba ile, nani mwenye kauli juu ya chakula cha usiku?

Halafu kuna mbwa. Mtu aliingia zizini usiku, akamtoa farasi, na mbwa aliyelala humo hakubweka kiasi cha kuwaamsha vijana wawili waliolala darini. Inspekta haoni kitu hapo, kwani mbwa hakufanya lolote. Holmes anamwambia hilo ndilo la ajabu.

Simtaji aliyefanya. Umeshapewa bizari, umeshapewa mbwa. Hadithi ina zaidi ya miaka 130 na ningeweza kuimaliza bila lawama, lakini angalia kilichotokea kichwani mwako sasa hivi. Ndicho ninachokizungumzia.

Na hapa ndipo naona kwa nini msomaji wa leo anazirudia hizi za kale, wakati hadithi mpya za polisi zimejaa kila mahali. Scotland Yard, polisi wa London, ilianzisha ofisi ya alama za vidole mwaka 1901. Mwaka 1984 Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, akagundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Kisha zikaja kamera za mitaani na simu inayoandika kila unapokwenda. Ni mambo mema kwa haki, sina la kusema. Kwa hadithi ni msiba. Katika tamthilia za polisi za siku hizi mtu aliyevaa koti jeupe anaingia na karatasi, anasema sampuli imelingana, kesi imekwisha. Mimi niliyeketi kwenye kochi nilitakiwa nifanye nini? Sina maabara. Holmes naye alikuwa na vichupa vyake vya kemikali, lakini kilichomfungulia kesi ya Dartmoor kilikuwa ujuzi wa ladha ya mchuzi na tabia ya mbwa, vitu ambavyo mimi na mama yangu tunavyo.

Christie aliufahamu mpaka huu vizuri zaidi ya wenzake wote. Wakati wa Vita vya Kwanza alifanya kazi kwenye famasia ya hospitali mjini Torquay, akapima dawa kwa mikono yake, na sumu zake zilikuwa sahihi kiasi kwamba jarida la wafamasia lilikisifu kitabu chake cha kwanza, The Mysterious Affair at Styles. Angeweza kutuzika kwa majina magumu ya kikemia. Hakufanya hivyo. Kiini cha kitabu kile ni maneno ambayo kila mtu ameyaona kwenye chupa ya dawa ya kikohozi: tikisa kabla ya kutumia. Dawa ya kuongeza nguvu ya enzi zile ilikuwa na sumu ya strikinini, kidogo kiasi cha kutodhuru. Ukiichanganya na unga fulani, strikinini yote inashuka chini ya chupa, na anayekunywa dozi ya mwisho anakunywa kifo. Aliyefanya hivyo, kafanya lini na kwa nini, hayo kitafute kitabu.

Usahihi wake uliwahi kuokoa mtu. Mwaka 1977 mtoto mdogo aliletwa London kutoka Qatar akiwa mahututi, na madaktari wa Hospitali ya Hammersmith wakashindwa kujua anaumwa nini. Muuguzi mmoja wa zamu alikuwa akisoma The Pale Horse, riwaya ya Christie ya mwaka 1961, na akaona dalili za mtoto zinafanana na za walioathirika kitabuni, hasa nywele kukatika. Akapendekeza wapime thaliamu, metali yenye sumu. Ilikuwa ni thaliamu. Mtoto akapona.

Kuna la pili linalomvuta msomaji wa sasa, na hili nalisema nikijitazama mwenyewe. Simu yangu imejaa mafumbo yasiyofumbuliwa. Kuna podikasti zinazofukua mauaji ya kweli kwa vipindi kumi, zinamgusa huyu, zinamgusa yule, halafu cha kumi na moja kinasema uchunguzi unaendelea. Kuna video za watu wanaochambua kifo cha mtu ambaye hata arobaini yake haijafika. Nadharia ishirini, na kila mwenye nadharia ana wafuasi. Mji nimetoa. Nimetoa Tanga, nimetoa Mombasa, nimetoa Kigoma mpaka mwisho wa reli, na jibu sipewi, kwa sababu jibu likitoka nitazima simu. Kitabu cha kurasa 200 kinachoapa kwamba ukurasa wa 190 utanijibu, tena kwa ushahidi niliokwisha kuuona, kinaniheshimu kuliko hizo zote.

Masharti yakiguswa, wasomaji huwaka. Mwaka 1926 Christie alitoa The Murder of Roger Ackroyd, na baadhi ya wasomaji wakasema wamechezewa rafu. Sayers akamtetea kwamba ni kazi ya msomaji kumshuku kila mtu. Nimeirudia riwaya hiyo mara tatu nikitafuta uongo na sijaupata. Yamo mapengo, yamo maneno yaliyopimwa kwa mizani ya dhahabu, uongo hamna. Na mwishoni mwa mwaka uleule Christie mwenyewe alitoweka kwa siku 11, nchi ikamtafuta, akapatikana hotelini Harrogate. Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1977 akiwa ameshafariki, tukio hilo amelirukia kabisa. Kitendawili pekee alichotega na kukataa mji.

Pwani yetu iliupokea mtindo huu mapema na bila kuona haya. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni kama Holmes, na ana rafiki yake Najum wa kushangaa kwa niaba yetu kama Holmes alivyokuwa na Watson. Wapo wanaomdharau kwa uigaji huo. Mimi naona wanatazama kiko, hawatazami mzimu. Maiti inakutwa penye mzimu wa wazee, na watu wako tayari kuwabebesha wazee hatia. Bwana Msa anakataa. Kwake yeye aliyeua ni mtu, na mtu ana sababu na ana nyayo. Ni amri ileile ya Knox ya kuwafukuza mizimu kwenye kesi, na ndilo alilokuwa amelifanya Conan Doyle katika The Hound of the Baskervilles mwaka 1901, jibwa la laana likageuka kuwa mbwa tu, mwenye mwenyewe na aliyepakwa dawa ya kung'aa. Ila Unguja jambo hilo lilikuwa na uzito mwingine. Dartmoor hakuna aliyekuwa akipeleka ubani kwa jibwa.

Nisifiche mabaya. Katika vitabu hivi watumishi huingia na sinia na kutoka, na wakitajwa kwa urefu mara nyingi ni kwa sababu wanakaribia kuuawa. Myahudi anachorwa kwa pua, Mhindi kwa kilemba, Mwafrika hachorwi hata hivyo. Ile And Then There Were None ilitoka London ikiwa na tusi la watu weusi kwenye jalada. Wamarekani wakalibadili mwaka 1940, Waingereza wakaendelea nalo kwa miongo kadhaa. Nimeona wanaosema tuvisome kwa kuzingatia zama zake. Sawa, lakini msomaji mweusi anayekutana na neno lile haulizi ni mwaka gani kwanza. Anafumba kitabu. Wengine wetu tunakifungua tena, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu mtego uliomo ni mzuri mno kuwaachia wao peke yao.

Nyumbani kwetu vitabu hivi vinasomwa na watu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye ana utaratibu wake: akifika pale ambapo mpelelezi anawakusanya wote sebuleni, anafunga kitabu, anaandika jina kwenye kipande cha risiti, anakikunja, ananipa nikiweke mfukoni. Ndipo anaendelea. Wiki iliyopita alinirudia saa nne usiku.

"Kaka, kile kikaratasi."

Nikakitoa. Alikuwa amekosea. Akanyamaza kidogo, akarudi nyuma kurasa thelathini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akausoma kwa sauti, polepole. "Alisema," akaniambia. "Mjinga mimi. Alisema hapa hapa."

Jijini London, mchezo wa Christie uitwao The Mousetrap umekuwa jukwaani tangu Novemba 1952, na tangu 1974 uko ukumbi wa St Martin's, ukisimama tu kwa ajili ya Uviko, na kila onyesho likiisha watazamaji huombwa wasimwambie mtu muuaji ni nani. Mdogo wangu anaujua kwa jina tu, na ananiuliza mara kwa mara kama mimi ninalo jibu. Ninalo. Amekwisha kunipa Bagamoyo na Lindi, na bado nafikiria.